Lile "haya" la Bibi

Sahani za Jumamosi zimeshaoshwa, viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe, turubai nimelikunja, na bado lile "haya" la Bibi halijanitoka. Leo Jumatano. Neno moja tu!

Bibi Chiza mnamjua. Alizaliwa akiwafuata mapacha, na kwa Waha hilo halina mjadala: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, anayewafuata Chiza. Bukuru na Butoyi wake hawakukua, ndiyo maana kwetu watoto hawahesabiwi. Muulize ana wajukuu wangapi, atakuonyesha kwa kidole: huyu, na huyu, na yule aliyeko Uvinza.

Basi Jumamosi mwanangu Zuhura katimiza miaka 7. Asubuhi mambo yalikwenda kama yalivyokuwa kwangu na kwa mama yangu. Kabla mtoto hajasemeshana na mtu, Bibi alimsimamisha kizingitini akammwagia miguuni bakuli la maji ya ziwa, maji aliyoagiza tangu juzi yake kutoka ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma. Miguuni, si kichwani. (Wale vijana wa hapa Mwanga wanaomvizia mwenzao na ndoo ya maji, unga na mayai mabichi, Bibi anawaona wamerukwa na akili. Kinachomuuma zaidi ni mayai.)

Tabu ikaja na keki. Mishumaa saba inawaka, watoto wanaimba, Zuhura kavuta pumzi mashavu yamemjaa. Bibi akasema kutoka mkekani, wala si kwa sauti kubwa:

"Asipulize. Mtoto hazimi taa yake kwa pumzi yake."

"Bibi, ni mshumaa tu."

"Haya."

Zuhura akapuliza, watu wakapiga makofi.

Sasa, kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kumuaga mgeni, kuna haya ya "jamani karibuni chakula". Hili halikuwa lolote kati ya hayo. "Ha" aliivuta kidogo, "ya" akaiachia kama mtu anayetua ndoo asiyetaka imwagike. Jana nimelijaribu jikoni peke yangu mara tatu, mara nne, mpaka Baba Zuhura akachungulia akaniuliza naongea na nani.

Na kinachoniudhi, mwiko ule naujua. Nimekua nao. Koroboi yetu ilifunikwa, haikupulizwa. Babu alikuwa akienda ziwani na karabai usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, na Bibi alikuwa akisimama nje kuzitazama zile taa zilivyojipanga majini kama mji. Alisema ya mumewe anaijua. Taa ikizimika kabla ya alfajiri, hakuna aliyesema kitu nyumbani mpaka mitumbwi irudi. Siku hizi wanavulia balbu za betri, lakini yeye bado husimama pale.

Ningeweza kusema, "Haya Bibi, tutaifunika na bakuli." Watoto wangecheka, mambo yakaisha. Ila mwalimu wa Zuhura alikuwa amekaa pale na simu yake anarekodi, nikaona haya. Ndiyo, haya. Neno lenyewe ni lile lile.

Wiki hii shemeji kaposa, na mimi nimepata ile sehemu ya pili ya kuanikia dagaa niliyoililia tangu ziwa lilipofungwa kuvuliwa miezi mitatu mwaka 2024, lakini hata sherehe sijafanya.

Leo asubuhi nikampelekea uji. Nikaanza, "Bibi, ile Jumamosi..."

"Keki imebaki?"

"Imekwisha, Bibi."

"Na mimi yangu lini?"

Tukakitafuta kitambulisho kwenye lile sanduku la kanga. 1 Julai 1942. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Hiyo siku ya karani! Aliniuliza, nikamwambia nilizaliwa usiku, meli ya Liemba inapiga honi inakwenda Mpulungu, Zambia. Akaniambia, mama, hapa nataka tarehe."

Lakini keki anaitaka hiyo hiyo Julai ya karani, tena iwe na nanasi ndani. Nikapata nguvu, nikamuuliza lile haya lake lilikuwa na maana gani.

"Haya lipi?"

Akainamia uji wake. Ama kasahau, ama ananijua vizuri kuliko ninavyojijua. Nilitoka mle ndani nacheka, na sijui nilikuwa nacheka nini.

Naandika huku natazama ng'ambo. Milima ya Kongo haionekani tena, upepo umegeuka, na dagaa wangu wote wako mchangani Kibirizi. Kijana ninayemwachia hapokei simu. Na turubai, jamani, turubai liko hapa chini ya kitanda.