Ukiona majani mekundu, umechelewa

Watu hunitumia picha za misonobari iliyogeuka rangi ya kutu kuanzia kileleni hadi matawi ya chini, wakiuliza wapulize dawa gani. Jibu langu huwa lilelile: hapo hakuna tena wa kupuliziwa. Mara nyingi mbawakawa waliouua mti huo wameshahama, na sasa wako ndani ya miti ya jirani ambayo bado ina majani mabichi na inapendeza kuitazama. Kinachoniuma ni kwamba miti mikavu hukatwa kwa pupa, na ile yenye wadudu ikaachwa imesimama.

Mbawakawa wa magome ni kundi moja ndani ya familia kubwa ya fukusi. Wataalamu huliita Scolytinae, na lina spishi zipatazo 6,000. Wengi wao wana urefu wa milimita 2 hadi 5 tu. Na niseme mapema, kwa sababu wadudu hawa husingiziwa mengi: sehemu kubwa ya spishi hizo haimdhuru mtu. Huishi kwenye matawi yanayokufa na magogo yaliyoanguka, na ndio wanaofungua mlango ili mti uoze na kurudi ardhini. Wanaoweza kuuangusha mti wenye nguvu zake ni wachache mno, na wengi wa hao wako katika jenasi mbili, yaani makundi mawili ya spishi za karibu: Dendroctonus na Ips.

Mti wenye maji ya kutosha haukubali kutobolewa kirahisi. Mdudu akichimba, utomvu humiminika kwenye tundu na kumsukuma nje au kumzamisha humohumo. Ukiona kwenye shina madonge ya utomvu yenye tundu katikati, chokonoa moja kwa kisu; pengine utamkuta mchimbaji amekufa amenasa ndani. Mdudu mmoja hauwezi mti. Kwa hiyo huitana.

Hapa ndipo biolojia yao inaponivutia kuliko pengine popote. Anayefika kwanza, ambaye kwa Dendroctonus ni jike na kwa Ips ni dume, huchukua kemikali za utomvu wenyewe, silaha ya mti, na kuzigeuza kuwa harufu ya kuwaita wenzake. Alfa-pineni, kemikali ya utomvu wa msonobari, hugeuzwa kuwa harufu iitwayo verbenoli. Mwaka 1966 Robert Silverstein na wenzake walitambua kemikali tatu za wito huo kutoka kwa mbawakawa wa jenasi ya Ips huko California, na hizo ndizo zilizokuwa feromoni, yaani harufu za mawasiliano, za kwanza za mbawakawa wa magome kujulikana. Wito ukisambaa, mamia hutua kwenye shina moja ndani ya siku chache, na utomvu hauwatoshi wote. Shina likishajaa, huanza kutoka harufu nyingine, verbenoni, inayowaambia wanaokuja kwamba hapa hakuna nafasi, waende mti wa pili. Ndiyo maana miti hufa kwa mafungu.

Mtu akibandua gome la msprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari, uliovamiwa na Ips typographus ataona jinsi walivyojipanga. Kuna chumba kidogo alichochimba dume. Kutoka hapo hutoka njia mbili au tatu zinazofuata urefu wa shina, moja juu na nyingine chini, kila njia ya jike mmoja. Pembeni mwa njia hiyo, kushoto na kulia, jike huchimba vijishimo na kutaga yai moja katika kila kimoja. Mabuu yakianguliwa, kila moja hula kuelekea pembeni, likiiacha njia ya mama. Vijia vyao huanza vyembamba kama uzi, hupanuka kadiri buu linavyonenepa, na huishia kwenye kijumba ambamo hugeuka pupa, hatua ya kati ya buu na mdudu mzima. Mbawakawa mzima ukimtazama kwa lenzi, utaona mwisho wa mgongo umebonyea, na ukingo wa bonde hilo una miiba minne kila upande. Hilo ndilo sepetu lake: anarudi kinyumenyume na kuusukuma nje unga wa gome.

Mabuu hula tabaka la ndani la gome, lile linaloshusha sukari kutoka kwenye majani hadi mizizini. Njia zikiungana kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula. Lakini hawako peke yao. Miilini mwa mbawakawa wazima wanaotoboa gome huja mbegu za kuvu zinazoota ndani ya mbao, huziba mishipa ya maji na kuacha madoa ya buluu ambayo kila fundi seremala anayepasua msonobari anayafahamu. Shina laweza kuwa limekwisha na majani yakabaki mabichi kwa miezi kadhaa. Msonobari uliovamiwa na Dendroctonus ponderosae msimu mmoja wa joto kwa kawaida huonyesha wekundu mwaka unaofuata, wakati kizazi kipya kinaruka au kimekwisha kuruka.

Mdudu huyo ndiye aliyeiharibu British Columbia, Kanada, kuanzia miaka ya 1990. Zaidi ya nusu ya ujazo wa misonobari iliyofaa kuvunwa mkoani humo ilikufa. Zamani baridi kali inayokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri iliyaua mabuu kwa wingi, ingawa miili yao hujikinga kwa gliseroli, kemikali inayozuia kuganda. Majira ya baridi yalipolegea, kizuizi hicho kikapungua. Ulaya ya Kati nayo ilipigwa na ukame wa 2018, misprusi iliyopandwa kwa safu maeneo yasiyoifaa ikaishiwa maji, na Ips typographus akaingia bila kipingamizi. Mimi humlaumu mdudu kidogo sana katika hili. Msitu wa aina moja ya mti, wa umri mmoja, kwenye udongo mkavu, umemwandalia kila kitu.

Kuna wanaoua bila hata kuvamia kwa wingi. Mbawakawa wa jenasi ya Scolytus hutafuna magome kwenye panda za vijitawi vya mielmu yenye afya, miti ya majani mapana ya nchi za baridi, na hapo huacha mbegu za kuvu Ophiostoma novo-ulmi. Uingereza ilipoteza zaidi ya mielmu milioni 25 kwa njia hiyo. Na kuna mmoja aliyeacha magome kabisa akahamia ndani ya mbegu: ruhuka wa kahawa, Hypothenemus hampei, mwenye asili ya Afrika. Jike hutoboa tunda karibu na kitovu chake na kutaga ndani ya buni. Watoto hujamiiana wao kwa wao humohumo, na madume hawaruki kamwe. Kafeini inayowaua wadudu wengine haimdhuru, kwa kuwa bakteria wa tumboni mwake huivunjavunja.

Basi tazama nini? Usitazame majani, tazama shina. Unga mwekundu laini kama ugoro, uliokwama kwenye mikunjo ya gome na kwenye utando wa buibui chini ya mti, ndiyo dalili ya mapema. Mvua huufuta, kwa hiyo nenda siku kavu. Gogota akilibambua gome ili ale mabuu, mfuate. Mti uliothibitika kuwa na mabuu ukatwe, kisha ubanduliwe gome au uondolewe msituni kabla hawajawa wakubwa; kwa Ips typographus kwenye joto, muda huo waweza kuwa wiki sita hadi nane tu. Kuni zenye magome zisisafirishwe kwenda msitu mwingine. Kanuni za kimataifa zinataka mbao za makreti na paleti zipashwe joto hadi kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zipigwe mhuri. Paleti isiyo na mhuri huo nisingeipokea.