Kwaheri Iliyosemwa Mara Moja

Mwaka 2008 nilipelekwa Ufilipino kwa mafunzo ya miezi mitano katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños, mji mdogo ulio chini ya mlima Makiling, kusini mwa Manila. Nilikuwa mtumishi wa kilimo kutoka Unguja na kilichonipeleka kule kilikuwa mbegu. Lakini ninachokikumbuka wazi kuliko vyote katika safari ile ni Jumamosi moja ya mwezi Agosti, niliposhinda kando ya Ziwa Laguna nikiwa nimeshika ubao mweupe wa stairofomu, nikiuelekeza mwanga wa jua kwenye uso wa mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akimuaga binti ambaye hakuwa wake.

Nilifika pale kwa sababu ya malalamiko madogo. Miaka ile Julai kwetu ilikuwa mwezi wa Tamasha la Nchi za Jahazi, na tangu lilipoanzishwa mwaka 1998 nilikuwa nimezoea kukaa Ngome Kongwe usiku, juu ya ngazi za mawe, nikitazama filamu za watu nisiowajua. Nilimweleza fundi mmoja wa maabara yetu kwamba mwaka ule ningelikosa. Alikuwa amenizidi umri, kwa hiyo nilimwita Ate, yaani dada mkubwa, kama inavyopasa kwao. Akanijibu kwamba Manila nako Julai ni mwezi wa filamu, na kwamba binti yake wa miaka 24, aliyemaliza masomo ya mawasiliano na kukataa kazi mbili za ofisini ili atengeneze filamu yake, angenichukua.

Ndivyo nilivyofika Cinemalaya. Tamasha lile lilianza mwaka 2005, na wakati ule lilikuwa likifanyika katika Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, jengo kubwa la zege lililochorwa na Leandro Locsin na kufunguliwa mwaka 1969, siku za utawala wa Rais Ferdinand Marcos, juu ya ardhi iliyofukiwa katika Ghuba ya Manila. Jengo lilikuwa limekusudiwa wageni wa heshima, lakini siku ile ngazi zake zilijaa vijana waliovaa kandambili na kubeba mabegi ya mgongoni, wengi wao wakiwa wenyewe ni watengenezaji wa filamu au wanaotamani kuwa. Binti wa Ate alinieleza utaratibu: waandaaji huchagua miswada, na wakati ule kila aliyechaguliwa alipewa peso 500,000 za kuanzia. Fedha hizo hazikutosha kumaliza filamu ndefu, na kila aliyezipokea alijua hivyo. Zilizobaki ziliombwa kwa mjomba, kwa rafiki mwenye gari, kwa mwalimu wa zamani.

Tuliangalia filamu iitwayo Jay, ya Francis Xavier Pasion, ambayo ndiyo iliyotwaa tuzo ya filamu bora mwaka ule. Ni habari ya mtu wa televisheni anayekwenda mkoa wa Pampanga kutengeneza kipindi kuhusu mwalimu aliyeuawa, na jinsi familia iliyofiwa inavyoongozwa kidogo kidogo kuyaonyesha majonzi yake kwa namna inayoifaa kamera. Ndani ya ukumbi watu walicheka mara kadhaa. Binti wa Ate hakucheka. Katika basi la kurudi alinyamaza mpaka tulipotoka kwenye msongamano wa magari, ndipo akaniambia kwamba katika filamu yake mwenyewe, aliyokuwa ameandika kwa mwaka mzima, mama anamuaga binti anayekwenda kufanya kazi Saudia, na kwamba nafasi ya mama hakumpa mwigizaji. Alimpa jirani yao, mjane wa kijiji cha ziwani, ambaye binti yake wa kwanza alikuwa Riyadh kweli.

Hapa inanipasa kusimama kidogo, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wakisikia filamu ya Kifilipino hukumbuka tamthilia za mapenzi zilizotafsiriwa kwenye televisheni. Ile ni biashara nyingine. Sinema ya studio ilikuwa na nguvu kwao kwa miongo mingi, kisha ikadhoofika: filamu za Marekani zilijaa kumbini, nakala za wizi ziliuzwa barabarani, na kodi ya burudani juu ya tiketi iliweza kufika asilimia 30. Ndipo zikaja kamera ndogo za dijiti, na mtu asiyeweza kununua mkanda wa filamu hata wa dakika kumi akaweza kupiga picha mchana kutwa. Hata hivyo roho ya kutengeneza kwa ulichonacho ni ya zamani kuliko kamera hizo. Kidlat Tahimik wa Baguio, ambaye jina alilojichagulia maana yake ni radi ya kimya, alianza mwaka 1977 na filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, na tangu hapo amekuwa akisema kwamba yeye hutengeneza filamu kwa vikombe vya petroli: unakwenda mpaka kikombe kinapokwisha, unasimama, unangoja kikombe kingine. Vijana wa Los Baños walilirudia neno hilo kama sisi tunavyorudia methali. Mwaka ule walikuwa na furaha nyingine pia, kwa kuwa mwezi Mei Brillante Mendoza alikuwa ameingiza filamu katika shindano kuu la tamasha la Cannes, Ufaransa, jambo ambalo hakuna Mfilipino aliyelifanya tangu Lino Brocka mwaka 1984.

Siku ya kupiga picha tulikusanyika kabla ya jua kuchomoza. Tulikuwa watu tisa, na kabla ya kufungua sanduku lolote walisimama kwa duara wakasali. Kuanzia hapo binti wa Ate hakuitwa tena kwa jina lake. Kila mtu, hata mama yake mzazi, alimwita Direk, ndivyo wanavyomwita mwongozaji, na nikaona namna alivyonyooka mgongo kwa kuitwa hivyo. Kamera ilikuwa ya kuazima, ya kanda ndogo, na ilitakiwa kurudi kwa mwenyewe saa tatu usiku. Kipaza sauti kilifungwa kwenye mti wa mwanzi. Mimi, kwa kuwa sikujua kazi yoyote, nilipewa ubao wa stairofomu na kuonyeshwa jinsi ya kuupinda hadi kivuli cha chini ya macho kiondoke, wakaniita Kuya, kaka mkubwa, na kazi ikaanza.

Chakula ndicho kilichonionyesha ni nani hasa aliyekuwa akiilipia filamu ile. Mwaka 2008 bei ya mchele duniani ilipanda hadi kukaribia dola 1,000 kwa tani, na Ufilipino ndiyo iliyokuwa ikiagiza mchele mwingi kuliko nchi yoyote. Niliziona foleni za mchele wa serikali kwa macho yangu, na ofisini kwetu hatukuwa tukizungumza jambo jingine. Asubuhi ile wanawake wa kijiji walipita mmoja mmoja kwenye jiko la Nanay, kila mmoja na kopo lake la mchele, wakamimina katika sufuria moja kubwa bila kusema kitu. Nanay ni neno lao la mama, na kila mtu alimwita hivyo yule muuza samaki. Mimi niliyekuwa nikipima mchele kwa gramu kila siku nilihesabu makopo kumi na manne. Katika orodha ya shukrani mwishoni mwa filamu ile majina ya wanawake wale yaliandikwa yote, kabla ya jina la mwenye kamera, na mpaka leo naona kwamba mpangilio ule ulikuwa sahihi.

Tukio la kuaga liliwekwa alasiri, wakati mwanga wa ziwani unapolegea. Aliyeigiza binti alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mswada ulimtaka Nanay atie kifurushi cha samaki wakavu ndani ya begi, amrekebishe binti kola ya shati, kisha aseme, "Mag-ingat ka, anak," yaani ujitunze, mwanangu. Direk alimweleza hayo mara moja tu, akarudi nyuma ya kamera.

Nanay alitia kifurushi. Kola hakuigusa. Alimshika yule binti kichwa kwa mikono miwili, akamnusa nywele kwa muda mrefu, kama wazee wao wanavyobusu na kama bibi zetu wanavyowafanyia watoto wachanga, kisha akamsukuma taratibu kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayesukuma mtumbwi kutoka ufukweni. Alipofumbua kinywa kusema lile neno, pikipiki ya kibanda, ile inayobeba abiria ubavuni, ikapita nyuma ya nyumba kwa kishindo na kulimeza neno zima. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka lakini sikuushusha ubao. Kijana wa sauti aliinua mkono juu kwa huzuni, ishara kwamba haifai.

Direk alimshukuru Nanay na kumwomba arudie. Nanay alisimama mahali pake, akamtazama yule mwanafunzi, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mianzi. Alisema kwa sauti ya chini, na Ate akanitafsiria. Binti yake mkubwa aliondoka kwa njia ile ile miaka sita iliyopita, na tangu hapo masanduku ya sabuni na taulo yamekuja lakini yeye hajaja. Neno lile alilisema siku ile, na leo amelisema tena kwa sababu mtoto wa jirani alimwomba. Akilisema mara ya tatu, alisema, litakuwa uongo.

Mpiga picha hakuwa mtu mbaya. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka Makiling, akatazama saa, akamvuta Direk pembeni na kupendekeza kwamba Nanay aongezewe peso 500, kwa kuwa mjane hawezi kuzikataa. Napenda kusema kwamba nililichukia wazo lile, lakini haikuwa hivyo. Nililiona la busara. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho sikuwahi kukiona katika filamu yoyote, na nilitaka kihifadhiwe vizuri, na sauti yake. Direk alisimama akiangalia maji. Sijui alichokuwa akikiona, lakini mimi niliikumbuka ile familia ya Pampanga iliyopangwa mbele ya kamera, na nadhani yeye pia, kwa sababu alipogeuka alisema tu kwamba kazi ya siku imekwisha, na kwamba kamera ifungwe kabla mvua haijafika.

Tulipokuwa tukikunja nyaya nilimkumbuka mama yangu. Mwaka 2003, dada yangu alipokwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, mama hakuja uwanja wa ndege. Alibaki uani akipepeta mchele ambao tayari ulikuwa umepepetwa, na sisi watoto tuliona ni ugumu wa moyo, na kwa miaka mitano nilikuwa nimelibeba jambo lile kama deni analodaiwa yeye.

Wiki zilizofuata kijana wa sauti alijaribu kuitoa pikipiki kwenye kompyuta, ikashindikana, kwa kuwa ilikuwa juu ya neno lenyewe. Akamrekodi mwanamke mwingine akisema maneno yale yale, akayabandika penye midomo ya Nanay, na yakakaa sawasawa kabisa. Direk aliyasikiliza mara moja akayafuta. Alikubali filamu yake iwe na kasoro ambayo kila mshindani angeisikia, na nilipomuuliza kama haogopi kukataliwa na tamasha, alinijibu kwamba anaogopa sana.

Usiku mmoja wa Septemba, siku chache kabla sijarudi nyumbani, filamu ilionyeshwa kijijini, katika uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, ambao karibu kila kijiji kule kinao. Viti vilitoka kanisani, na umeme ulivutwa kwa waya mrefu kutoka dukani. Nilikaa nyuma nikilingoja kwa wasiwasi lile tukio, kwa kuwa nilijua pale ambapo pangeharibika. Nanay akaonekana kwenye turubai, mkubwa kuliko sote, akamnusa yule binti nywele, akamsukuma kwa mgongo wa kiganja, akafumbua kinywa, na pikipiki ikapita.

Hakuna aliyekunja uso. Wanawake waliokuwa mbele yangu, wale wa makopo ya mchele, walishusha pumzi kwa pamoja, na mmoja akafunika mdomo kwa kanga yake ya mabegani. Ate aliniinamia akaniambia kile ambacho mimi na kijana wa sauti, pamoja na vifaa vyetu, hatukukitambua: kijiji kile hakina njia ya magari makubwa, na kila aliyewahi kuondoka kwenda Saudia, Kuwait au Hong Kong alipelekwa barabara kuu kwa pikipiki ya kibanda. Neno la mama, alisema, hakuna anayelisikia siku ile.

Onyesho lilipokwisha watoto walirudisha viti. Nanay alikuwa amekaa peke yake pembeni wakati wote, na nilikuwa nimetafuta njia ya kumwambia jambo kuhusu mama yangu kwa Kitagalogi changu kichache, lakini aliinuka kabla sijafika. Alikwenda moja kwa moja kwenye turubai lililoonyeshewa filamu, ambalo lilikuwa shuka lake jeupe la kitanda, akafungua kamba nne za pembeni, akalikung'uta, akalikunja mara nne, akalitia kwapani, akaenda zake nyumbani kulala.