Siku moja maishani mwangu: fundi wa waifai isiyoonekana

Watu wakisikia kazi yangu ni kuweka Linux, ule mfumo wa uendeshaji wa bure, kwenye laptopu, wanadhani nashinda nikiandika amri za ajabu kwa kasi. Ukweli ni kwamba muda mwingi natazama ile kona ya skrini ambako alama ya waifai ilitakiwa iwepo na haipo. Laptopu mpya, nailoni haijabanduliwa kwenye kifuniko, mfumo umeingia vizuri, sauti ipo, kamera ipo, mtandao hakuna. Hapo ndipo naitwa. Naandika siku hii kwa ajili ya wale wanaouliza, "Sasa hiyo nayo ni kazi?"

Saa mbili asubuhi. Nafungua, nawasha kompyuta yangu, nasasisha flashi zenye mifumo, nachaji simu mpaka ijae. Simu ni kifaa cha kazi, utaona baadaye.

Saa mbili na nusu. Laptopu ya kwanza imeletwa na maneno "kadi imekufa". Naandika `rfkill list`, najibiwa "Hard blocked: yes". Maana yake waifai imezimwa na swichi ya mashine yenyewe, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haihusiki. Nabonyeza kitufe chenye picha ya ndege pamoja na Fn, mitandao ya jirani inajaa kwenye orodha. Mwenyewe alikuwa ameshaweka mifumo tofauti mfululizo akitafuta unaokubali.

Ya pili ina Windows na Linux pamoja, na waifai inaonekana siku moja, siku inayofuata haipo. Ni ule uzimaji wa haraka wa Windows: ukidhani umeizima, kumbe imelala nusu, na kadi inabaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Nauzima kwenye Windows, basi.

Saa nne kasoro. Dada mmoja mhasibu ana laptopu yenye kadi ya waifai ya MediaTek MT7902. Namba ya utambulisho ya kadi ni 14c3:7902, na nikiiona kwenye kerneli kama hiyo aliyo nayo sipotezi muda. Ndugu zake MT7921 na MT7922 zilipata draiva, yaani programu ya kuendesha kadi, mapema, yeye akakaa miaka bila hata moja ndani ya kerneli. Nilimweleza tangu jana kwamba tunabadilisha kadi, akakubali.

Kazi ya mkono hii naipenda. Kadi yenyewe ina upana wa milimita 22 na urefu wa 30, imeshikwa na skrubu moja, na juu yake kuna nyaya mbili za antena, mara nyingi nyeusi na nyeupe au kijivu. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mtama. Ukivikandamiza kabla havijakaa sawasawa juu ya kitako vinapinda, na vikishapinda ndio basi. Mimi nakiweka kichwa kwa kibanio, nakisogeza taratibu mpaka nihisi kimejipanga, halafu nabonyeza kwa ukucha. Kinalia tik. Kisipolia, sijamaliza. Nimemwekea Intel AX210. Wengi hununua AX211 wakidhani ni toleo jipya zaidi la kitu kile kile, kumbe hiyo imetengenezwa kama nusu ya kadi, nusu nyingine iko ndani ya vichakato vya Intel, kwa hiyo kwenye mashine yenye kichakato cha AMD haifanyi kitu. Ya dada ni AMD.

Saa tano. Mwalimu akaingia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kijana, mpwa wangu ameniwekea hii Linux, inakwenda vizuri sana, ila intaneti haishiki. Anasema ni jambo la dakika tano."

Mpwa mwenyewe alikuwa hewani, simu imewekwa spika, iko mezani kwangu karibu na kibodi. Kabla sijakaa sawa nikasikia: "Anko, mwambie fundi aandike sudo apt install, halafu..." Nikamwambia, ndugu yangu, apt inachukua vitu kutoka kwenye intaneti, na intaneti ndiyo tunayoitafuta. Akanyamaza kidogo, akaanza na amri nyingine.

Naandika `lspci -nnk`. Nikitakiwa kumfundisha mtu amri moja tu ya kazi hii, ni hiyo. Inaorodhesha vifaa vyote, na chini ya kila kimoja inataja draiva inayokiendesha. Nashuka mpaka kwenye kadi ya mtandao: Realtek, kisha 10ec:b852. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 10ec ni Realtek, 8086 Intel, 14c3 MediaTek, 14e4 Broadcom. Nazijua kuliko namba za simu za ndugu zangu. Nusu ya pili ni kadi yenyewe, na b852 ni RTL8852BE. Chini yake, pale ambapo vifaa vingine vina mstari wa "Kernel driver in use", hapakuwa na kitu.

Huo mstari unaokosekana ndio jibu lenyewe. Kama draiva ingekuwepo na kilichokosekana ni fimuwea, yaani faili ambalo draiva huipakia kadi ili ifanye kazi, mstari ungekuwepo au `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, ingelalamika kwamba faili fulani limeshindikana kupakiwa, error -2, yaani faili halipo. Hapa palikuwa kimya kabisa. Kerneli haikuwa na habari kwamba kadi kama hiyo ipo duniani.

`uname -r`, inayotaja toleo la kerneli, ikasema 6.1. Mpwa alitumia flashi yake ya zamani ya Debian 12, Debian ikiwa aina mojawapo ya Linux. Debian 12 ilitoka Juni 2023, lakini ilikuja na kerneli 6.1 kwa sababu hiyo ndiyo ya kudumu muda mrefu, na draiva ya RTL8852BE iliingia kwenye 6.2. Kadi imeachwa na basi kwa kituo kimoja. Kwenye Linux draiva nyingi zinakaa ndani ya kerneli yenyewe, ndiyo maana laptopu ya mwaka huu ikipewa mfumo wa miaka iliyopita, waifai huwa ya kwanza kusumbua.

Ningekuwa naanza upya ningeweka Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 na kerneli 6.12, na ningekuwa nimeshamaliza. Lakini Mwalimu alikuwa ameshahamishia humo mitihani ya muhula mzima, na nilipotamka neno "kufuta" tu aliweka mkono juu ya laptopu.

"Mpwa wangu anasema kuna njia fupi."

Ninaijua hiyo njia fupi. Unachukua msimbo wa draiva uliowekwa na mtu mtandaoni, unaujenga mwenyewe, unaupakia. Mpwa alishajaribu, nikaona alama zake: moduli, yaani draiva ya kuongezwa kwenye kerneli, imejengwa, na ilipopakiwa ikarudisha "Key was rejected by service". Hapo Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, inakataa moduli isiyo na saini inayoitambua. Dawa ya mpwa, kupitia spika: "Izimeni tu hiyo Secure Boot kwenye BIOS."

Nikamuuliza Mwalimu kama Windows bado imo. Imo, ana programu ya shule humo. Nikaangalia, BitLocker, ile inayoifunga diski ya Windows kwa ufunguo, imewashwa. Ukizima Secure Boot kwenye mashine ya namna hiyo, Windows ikiamka inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48.

"Mwalimu, ufunguo wa BitLocker unao?"

"Ufunguo upi? Mimi nilipewa chaja na mkoba."

Basi Secure Boot haiguswi. Ipo njia ya kusajili saini yako mwenyewe kwa `mokutil`, inafanya kazi, lakini moduli ya kujijengea inabidi ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, na aliyeandika msimbo akichoka, unaachwa na kadi isiyo na mwenyewe. Mimi sifungi kazi ya hivyo. Nataka waifai ya mtu ishike leo na ishike baada ya sasisho la mwezi ujao, nikiwa sipo.

Nikaamua kuchukua kerneli 6.12 kutoka bookworm-backports, ambako Debian huweka vitu vipya kwa ajili ya toleo la zamani. Imesainiwa na Debian wenyewe, Secure Boot haitagombana nayo. Ila kuipata kunahitaji mtandao, na laptopu hizi nyembamba hazina tundu la kebo. Ndipo simu inapoingia: unaichomeka kwa USB, unawasha kushiriki mtandao kwa USB, na Linux inaiona kama kadi ya kawaida ya waya.

Mwalimu akasisitiza tutumie simu yake, ana bando kubwa. Tukachomeka. Inachaji, mtandao hakuna. Waya wake ulikuwa wa kuchajia tu, hauna nyaya za data ndani. Nikatoa wangu. Likatokea jina refu linaloanza na enx, nikaongeza mstari wa backports pamoja na neno non-free-firmware mwishoni, maana bila hilo fimuwea hazionekani, nikaagiza kerneli na `firmware-realtek` kwa pamoja kutoka huko huko. Kerneli mpya huomba faili mpya za fimuwea, ukiiachia za zamani unahama kutoka tatizo la kwanza kwenda la pili.

Kupakua kukaanza. Simu ikalia. Mwalimu akaichomoa, akatoka nje kuongea.

Alikuwa mpwa, anauliza tumefika wapi.

Aliporudi tukachomeka, tukaendelea. Ikalia tena. Akanyoosha mkono, nikamwomba kwa heshima zote aongee ikiwa mezani, akasema haongei mambo ya familia mbele za watu, akaondoka nayo. Nikachomeka ya kwangu.

Kisha kukawa na ule muda ambao siwezi kuusimulia. Mstari unasogea, Mwalimu anauliza "Bado?", namjibu "Bado kidogo Mwalimu", anaangalia saa, ananieleza kwamba Windows haikuwahi kumfanyia hivi, na ni kweli, mtengenezaji aliiweka ikiwa na draiva zote tayari, jambo ambalo Linux hulipata kwa nadra. Wateja wengine wawili wakafika, wakaona sura yangu, wakasema watapita baadaye.

Nikazima, nikawasha. `uname -r`: 6.12. `lspci -nnk`: rtw89_8852be. Alama ya waifai ikatokea kwenye kona, Mwalimu akaandika neno la siri mwenyewe, ukurasa ukafunguka. Akasimama, akaanza kukunja waya wa chaja.

"Bado Mwalimu."

"Bado nini? Si imeshika?"

Hapa ndipo mimi na wateja wangu tunapogombana siku zote. Kwanza nikaing'oa moduli ya mpwa, kwa sababu `dkms status` ilionyesha bado imesajiliwa, na ingeachwa ingejaribu kujijenga kila kerneli mpya ikija, ikashindwa, na masasisho yakakwama. Pili nikafunga kifuniko, nikasubiri, nikafungua. Waifai haipo.

Mwalimu akaniangalia. Mpwa, kwenye spika: "Si niliwaambia?"

Kwenye baadhi ya laptopu kadi za familia hii hazielewani na hali ya kuokoa umeme ya PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta: zikilala, haziamki. Unaandika faili moja ndani ya `/etc/modprobe.d/`, unaiambia rtw89_pci iache hali hizo kwa disable_aspm_l1=y na disable_aspm_l1ss=y, unawasha upya. Betri inaumia kidogo. Nikafunga kifuniko, nikafungua, ipo. Nikaingia Windows, nikatoka, ipo. Nikarudia kifuniko, na yeye sasa akawa anafunga na kufungua mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Kama ningemwachia aondoke alipokunja waya, angegundua kesho darasani mbele ya wanafunzi, na jina la fundi lingetajwa.

Wakati wa kulipa akauliza, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria swali: kama Linux ni ya bure, analipia nini? Nikamwambia Linux sikumuuzia, nimemuuzia mchana wangu. Akacheka, akalipa. Mpwa akaomba nimtumie zile amri.

Jioni, saa sijui ngapi. Waliopita wamerudi. Moja ni Broadcom ya zamani, nikaweka broadcom-sta-dkms, najua nilichosema kuhusu moduli za kujengwa, lakini kwa kadi hiyo hakuna kingine kinachofaa, na angalau hiyo inatoka kwenye hazina ya Debian. Nyingine sikumbuki nilifanya nini, nilifanya, ikashika. Macho yanawasha, na mgongo umeshika umbo la kiti.

Nafunga, ujumbe unaingia: "Fundi, kesho nanunua laptopu mpya, Linux itakubali?" Huyu nampenda, ameuliza kabla. Namjibu amwombe muuzaji aiwashe, afungue Device Manager ya Windows, aingie kwenye kadi ya waifai, sehemu ya Hardware Ids, anitumie kilichoandikwa baada ya VEN na DEV. Herufi nane tu, nitamwambia ndiyo au hapana kabla hajatoa pesa.

Ananitumia picha ya boksi. Pembeni limeandikwa Wi-Fi 6, na yeye amelizungushia duara jekundu.

"VEN na DEV, kaka," namwandikia tena. Anajibu kwamba rangi zipo mbili, fedha na bluu, ipi ni nzuri kwa Linux?