Kwani wanaume wanainua kwa meno?

Leo niliwaambia kidato cha pili wachore fundi magari na muuguzi. Madaftari 38: mafundi karibu wote wana ndevu, wauguzi wamevaa gauni. (Mimi mwenyewe ningechora hivyohivyo enzi zangu.) Nikafungua mlango, akaingia dada wa gereji ya jirani, zao la chuo cha ufundi cha VETA, grisi bado kwenye kucha. Nyuma yake kaka muuguzi.

Sauti ikatoka nyuma: "Dada, giaboksi unainuaje?"

"Kwa jeki, mdogo wangu. Kwani wanaume wanainua kwa meno?"

Darasa hoi!

Kengele ilipolia, mvulana mmoja mkimya akabaki, anamuuliza muuguzi kama kemia ni lazima. Ni lazima, na baiolojia pia. Na wiki iliyopita mvulana huyuhuyu aliniambia kemia anaiacha mwakani.