Chini ya Dari ya Akida

Somo: Luka 7:1–10

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu.

Kaskazini mwa Uingereza, mpakani mwa dola ya Kirumi, palikuwa na ngome iitwayo Vindolanda. Tangu 1973 wachimbaji wamekuwa wakitoa katika udongo wake wenye majimaji vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja ni hesabu ya kikosi cha Watungri, kabila la eneo la Ubelgiji ya leo, na ni cha miaka ya 90 baada ya Kristo. Askari wote ni 752, ila waliokuwepo ngomeni siku ile ni 296 tu. Wengine wametumwa huku na huko. Kati ya waliobaki, 31 hawawezi kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wanaumwa macho.

Jeshi lilijua hata idadi ya wanaoumwa macho! Lakini hesabu hiyo ni ya askari. Watumwa hawamo, ingawa ngomeni waliishi. Katika vibao hivyo imo barua ya mtumwa kwa mtumwa mwenzake kuhusu gharama za sikukuu, na figili zimetajwa.

Katika ngome za Kirumi, mahali ulipolala palionyesha cheo chako. Kamanda alikuwa na nyumba nzima, yeye na jamaa yake na watumwa wake, jirani na makao makuu. Askari wa kawaida walibanana wanane wanane katika vyumba viwili, cha mbele cha silaha na vyombo, cha nyuma cha kulala. Akida, yaani afisa aliyeongoza askari wapatao themanini, alikaa mwisho wa safu ileile, ila yeye alikuwa na vyumba kadhaa peke yake.

Akida wa Kapernaumu hakuishi Vindolanda, lakini maneno yake ni ya mtu aliyezoea maisha ya amri na vyeo: huyu nenda, yule njoo. Wazee wa Wayahudi wanamwambia Yesu kwamba mtu huyu anastahili, kwa kuwa amewajengea sinagogi. Yeye mwenyewe anatuma rafiki zake waseme, "Sistahili wewe uingie chini ya dari yangu."

Na haya yote ni kwa ajili ya nani? Mtumwa wake, aliyekuwa mgonjwa karibu ya kufa. Mtu ambaye kikosi kisingemwandika hata akifa. Mimi hapa ndipo napaona ukubwa wa imani ya akida huyu: aliamini kwamba mamlaka ya Yesu yanamfikia hata asiyehesabiwa, wala hakuona haya kumwombea.

Nyumbani mwetu wamo dada wa kazi, getini yupo mlinzi. Wakiugua, tunajua? Wiki hii, tunapokutana kwa maombi, kila mmoja aje na jina la mmoja wao, na hitaji lake kama alivyolieleza mwenyewe.