Siku moja kwenye chumba cha kupimia VVU, Tanga

Saa 1:20 asubuhi. Kabla ya mteja yeyote, kipimajoto. Ni msimu wa kaskazi, na huku Ngamiani bati huanza kuwaka mapema. Vipimo vya Bioline, vya haraka vya VVU kwa damu ya kidole, vinahifadhiwa kati ya nyuzi 1 na 30. Saa hizi chumba kinasoma 27, lakini mchana kinapita 31, kwa hiyo maboksi hukaa stoo yenye kiyoyozi na hapa mezani vinaletwa vya nusu siku tu. Kipimo kilichochemka hakikwambii kama kimechemka: mstari wa kontro, ule wa C wa kuonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, unaweza kutoka vizuri kabisa huku upande wa kunasa kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, umeshadhoofika. Ndiyo maana boksi jipya hujaribiwa kwanza kwa sampuli mbili zinazojulikana, moja yenye VVU na moja isiyo nayo. Boksi likikosea moja tu, linarudi stoo.

Saa 2:00. Benchi limejaa. Asubuhi ni ya kina mama wajawazito na waume waliosindikiza, na hao huenda haraka. Wenye hofu hawaji saa hizi. Wanasubiri benchi lipungue.

Saa 3:10. Kuchoma kidole kunaonekana kazi ndogo, na makosa mengi yanazaliwa hapo hapo. Kidole cha kati au cha pete, pembeni ya ncha. Spiriti iachwe ikauke yenyewe, maana ikiwa mbichi inachanganyika na damu. Tone la kwanza futa kwa pamba, la pili ndilo la kazi. Usikamue kidole kama chuchu ya mbuzi, utatoa majimaji badala ya damu. Pipeti ijae mpaka kwenye alama, mikrolita 20, damu iingie kitunduni, kisha matone 4 ya bafa, maji ya kipimo ya kusukuma damu, chupa ikiwa wima. Ukiilaza, tone linakuwa dogo na damu inakwama njiani. Bafa ya kipimo kimoja haiazimwi kwa kingine, hata kama chupa zinafanana.

Halafu andika saa juu ya kipimo chenyewe, kwa kalamu. Bioline inasomwa kuanzia dakika ya 10 hadi ya 20. Mstari hafifu ndani ya muda huo unahesabika, hata kama ni wa kukodolea macho. Unaojitokeza baada ya dakika 20, kipimo kikianza kukauka, hauhesabiki. Kusipotoka mstari wa C, kipimo hicho ni kibovu, hata kama mistari mingine imetoka.

Saa 4:40. Kimoja kimeonyesha mistari miwili, wa C na wa VVU. Hapa hakuna mtu anayeambiwa ana VVU. Kinafuata kipimo cha pili cha aina tofauti, Uni-Gold, kwa sababu kitu kilichokidanganya cha kwanza ni nadra kukidanganya na cha pili. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri majibu matatu mfululizo yaliyoonyesha VVU kabla ya kumwambia mtu anaishi na VVU. Vipimo vikipingana, vinarudiwa vyote. Vikiendelea kupingana, mteja anarudi baada ya siku 14. Wiki mbili hizo ni ngumu kwake, lakini ni afadhali kuliko kumpa jibu la kubahatisha.

Saa 6:15 mchana. Benchi limebaki na mtu mmoja, dereva wa bodaboda, kofia ngumu mapajani. Anasema amekuja kupima presha. Presha 118 kwa 76. Haondoki.

"Samahani sista, hivi vipimo vyenu vya kidole vinaaminika kweli?"

Swali hili halijibiwi kwa ndiyo wala hapana. Linajibiwa kwa maswali: lini, mlifanya nini, kondomu ilipasuka au ilichomoka? Miezi mitano iliyopita, Chumbageni. Kondomu ilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo hajagusa mtu. Amepima mara nne vituo tofauti, mara ya mwisho wiki iliyopita, na zote ni salama.

Cha kwanza alipima siku ya 9. Jibu lile lilieleza maisha yake ya kabla ya tukio, basi. Kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, na mwili huhitaji siku 23 hadi 90 ili zionekane. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa, kinachotafuta na antijeni, yaani kipande cha virusi, kinaona kati ya siku ya 18 na ya 45. Kile cha kutafuta virusi vyenyewe, siku ya 10 hadi ya 33. Yeye alishavuka 90 zamani. Limekwisha.

Kwa nini basi bado anazunguka? Kwa sababu kila kituo kilimpa majibu na kumalizia kwa ule wimbo: "Rudi baada ya miezi mitatu." Sisi wapimaji tunaukariri kwa kila mtu, na kwa maoni yangu ndio unaowaumiza watu kama huyu. Siku za dirisha, zile ambazo kipimo bado hakiwezi kuona maambukizi, zinahesabiwa kutoka tendo la mwisho la hatari. Kipimo cha mwisho hakiirudishi hesabu kwenye sifuri.

Hatari yenyewe nayo ina tarakimu. Bila kondomu, na mwenzi mwenye VVU asiyetumia dawa, mwanaume katika tendo la ukeni huambukizwa takriban mara 4 kati ya matendo 10,000. Mwanamke, 8. Anayeingiliwa kinyume na maumbile, 138. Busu la kawaida na kushikana, sifuri. Na mwenzi anayemeza ARV mpaka virusi vyake havionekani kwenye kipimo, haambukizi kwa ngono.

Anataja koo kukauka, joto la usiku, kipele. Tanga hii, mwezi huu, joto la usiku analo kila mtu. Dalili hazipimi VVU.

Saa 7:50. Binti wa chuo, kondomu ilipasuka juzi usiku. Hapa mwendo unabadilika. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Tunapima leo kujua anaanzia wapi, na kidonge cha kwanza anakimezea hapa hapa kwa maji ya chupa. Kimoja kila siku, siku 28 bila kuruka. Anaweza kuanza na kichefuchefu, akimeze na chakula. Huyu ana tarehe za kurudi, na tunaziandika kwa wino mzito, kwani dawa zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana.

Saa 9:00 alasiri. Simu, picha ya kipimo cha mate cha kujipimia nyumbani. Alikifanya jana jioni, amekipiga picha leo. Cha OraQuick kinasomwa kati ya dakika ya 20 na ya 40. Picha ya leo haisomeki na haitafsiriki, arudie kingine, asile wala kunywa dakika 15 kabla. Kisha linakuja swali la pembeni: je, mtu aliye kwenye ARV akijipima na kuona "salama", amepona? Hapana. Dawa zinaweza kupunguza kingamwili mpaka kipimo kikose cha kunasa. Akiacha dawa kwa jibu hilo, virusi vinarudi.

Saa 10:10. Kuhesabu. Vipimo vilivyotumika 31, rejesta ina 30. Tunapekua mpaka tunakipata: kilichokosa mstari wa C saa 5, hakikuandikwa. Kinaandikwa. Sindano ziko kwenye boksi la manjano, vilivyobaki vinarudi kwenye kiyoyozi.

Kwenye kadi ya yule wa presha, nafasi ya tarehe ya kurudi imepigwa mstari.