Jinsi nilivyokirudisha kisigino changu sakafuni

Mguu wangu wa kulia, uliopungua sentimita 4 baada ya kuvunjika utotoni, ulirefushwa kwa fremu ya duara, yaani vyuma vinavyouzunguka mguu kwa nje na kushikizwa mfupani, ya mtindo ulioasisiwa na Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Urusi: mfupa hukatwa, kisha hutenganishwa milimita 1 kwa siku, robo kwa robo. Mfupa ulikua vizuri, lakini msuli wa kigimbi ulibaki nyuma ukakaza, hata nikarudi Uyole, Mbeya, nikitembea kwa ncha ya vidole.

Kosa langu lilikuwa kuunyoosha msuli huo alfajiri, katika baridi ya Juni ambayo wenyeji wa Mbeya wanaijua. Mtaalamu wa fiziotherapia alinielekeza niote jua kwanza, kisha nipitishe kanga chini ya unyayo na kuvuta vidole kuelekea kwangu, goti likiwa limenyooka, kwa sekunde 30, mara kadhaa kila siku. Uzito wa kuuwekea mguu huo niliupima kwa kukanyaga mizani, nikianza na kilo 20, kwa kuwa mfupa mchanga haujui haraka zetu. Nao magongo niliyashika huku nikitanguliza kisigino.

Wiki ya kumi kisigino kiligusa sakafu. Gongo moja bado ninalo, kwa ajili ya utelezi wa masika.